Miaka minne na MS: mazoezi ninayofanya nyumbani Tanga na kilichobadilika miguuni

Mwalimu wa Tanga

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Wiki iliyopita mwanachama mmoja aliniandikia inboksi kwamba dada yake amepewa majibu ya MS, ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na kaambiwa akae apumzike. Nilianza kumjibu, jibu likazidi kurefuka, nikaona niliweke hapa lisomwe na wote.

Mtu wa kwanza kugundua kwamba nina shida alikuwa fundi viatu. Nilimpelekea raba kushonwa mara ya tatu ndani ya miezi michache. Akazigeuza mkononi, akaniuliza, "Mwalimu, mbona cha kushoto tu ndicho kinachokwisha, tena hapa mbele?" Nikatazama. Soli ya kulia nzima, ya kushoto imelika penye kidole gumba mpaka kitambaa kinaonekana. Nilikuwa naburura mguu bila kujua. Kandambili nilikuwa nimeshaacha kuvaa, kwa sababu ya kushoto ilikuwa inabaki nyuma na mimi naendelea na safari, sina habari mpaka nikanyage mchanga wa moto.

Kutoka siku ile mpaka kupata jina la ugonjwa ilipita zaidi ya miaka miwili. Hospitali moja walinitibu mgongo, nyingine wakasema ni msongo wa mawazo. Mwishowe MRI ya kichwa na uti wa mgongo ndiyo iliyoonyesha makovu. Multipo sklerosisi. Kinga ya mwili inashambulia mayelini, ule utando unaofunika nyuzi za fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Mguu wenyewe mzima, ujumbe wa kuunyanyua ndio unaochelewa au kupotea njiani.

Sasa nieleze kosa langu, maana mazoezi niliyaanza vibaya. Mwezi wa pili, joto la Tanga mnalijua, nikajiandikisha kwenye ukumbi wa mazoezi. Mkufunzi kijana, mwenye nia njema, akanipandisha kwenye mashine ya kukimbia saa 9 alasiri. Akaniambia nitoe jasho ili ugonjwa utoke nalo. Dakika ya 12 mguu wa kushoto ukafa, jicho la kulia likaingia ukungu, nikaanguka. Nilirudi nyumbani kwenye bajaji nikilia, najua ndiyo nimepooza. Mama akanimwagia maji ya mtungini, akanilaza chini ya feni. Kufika isha mguu ulikuwa umerudi na jicho linaona.

Sikuelewa kilichotokea. Nilichoamua ni kwamba mazoezi yananiua, nikakaa miezi 7 bila kufanya lolote. Nilikuwa natoka kitandani kwenda kwenye kochi, kwenye kochi kwenda darasani kwa bajaji, darasani kwenye kiti. Ile miezi 7 iliniumiza kuliko lile anguko. Mapaja yalikwisha, nikawa siwezi kuinuka chooni bila kushika ukuta.

Aliyenitoa huko ni mtaalamu mmoja wa fiziotherapia. Alinisikiliza kisha akauliza swali moja tu: "Ulifanya saa ngapi?" Nikamjibu. Akasema, "Basi tatizo lilikuwa joto. Tutabadilisha saa."

Ninachofanya tangu hapo ni hiki.

Naanza saa 11:30 alfajiri, nikishaswali, kabla jiko halijawashwa. Nakunywa glasi ya maji baridi kwanza. Khanga moja nailoweka na kuikamua, naiweka shingoni. Feni iko kwenye namba ya juu. Kipindi cha kaskazi, Desemba mpaka Machi, sifanyi kabisa baada ya saa 2 asubuhi. Kusi likiingia napata nafasi hata ya jioni.

Nikiwa bado kitandani nanyoosha vigimbi. Usiku vinakaza kama kamba ya mashua. Nakaa mguu umenyooka, napitisha khanga chini ya vidole, nashika ncha mbili, navuta taratibu mpaka nihisi nyuma ya mguu inavutika. Nahesabu mpaka 30 huku napumua. Mara 4 kila mguu. Neno "taratibu" msilipite haraka. Nikivuta kwa ghafla mguu unaanza kutetemeka wenyewe, tap tap tap, na hausimami mpaka niulegeze. Misuli iliyokakamaa kwa sababu ya ubongo au uti wa mgongo inakasirishwa na kasi. Ukienda nayo polepole inakubali.

Kisha kiti. Zoezi hili ndilo lililonirudisha kazini, kwa hiyo nitalieleza vizuri. Kiti cha mbao kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Nakaa mbele kidogo, si mpaka mgongo uguse. Nyayo nazivuta nyuma zikae chini ya magoti. Nainamia mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo nainuka. Wengi tunashindwa kuinuka kwa sababu tunataka kupanda moja kwa moja juu kama lifti, na mwili haupandi hivyo. Kushuka ndiko kwenye kazi kubwa zaidi: nahesabu moja, mbili, tatu, ndipo makalio yaguse kiti. Nilianza na mara 5, mikono ikisukuma mapaja. Leo nafanya mara 8, napumzika dakika 2, narudia, mizunguko 3.

Baada ya hapo nasimama kwenye kona ya chumba, kuta mbili nyuma yangu, kiti mbele. Nikiyumba huku kuna ukuta, huku kuna kiti. Miguu pamoja, sekunde 30. Kisha mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Mwanzoni nilishika kiti kwa mikono miwili, baadaye mkono mmoja, sasa kidole kimoja. Kufumba macho nilijaribu na mtu akiwa pembeni. Msijaribu peke yenu.

Mwisho ni kutembea koridoni: dakika 2, nakaa dakika 2, naenda tena dakika 2. Siziunganishi. Nikienda dakika 6 mfululizo, zile 2 za mwisho mguu unaburura na nawaza kuanguka. Nikizigawa, zote 6 natembea vizuri.

Jumla ni kama dakika 25 pamoja na mapumziko. Kunyoosha ni kila siku. Kiti na kona ni mara 3 kwa wiki, kamwe si siku mbili mfululizo.

Kupima: nilichukua futi ya fundi cherehani, nikapima mita 7 na sentimita 62 kutoka mlango wa sebuleni, nikaweka alama ya chaki. Ndio urefu ule ule wanaotupima kliniki. Mwezi wa kwanza nilitumia sekunde 14. Sasa ni 9, na kipindi cha joto 10. Nimeambiwa badiliko likifika asilimia 20 ndipo lihesabiwe badiliko la kweli. Raba ninazovaa sasa zina miezi 9. Niliwahi kumpitishia yule fundi, akazigeuza, akanirudishia bila kusema kitu, hakuna pa kushona.

Ugonjwa bado ninao. Mkono wa kushoto una ganzi, uchovu unakuja bila hodi, na mwaka jana nilipata shambulio lingine nikalazwa siku 5 kwa dripu za steroidi. Lakini choo naenda na kurudi bila kushika ukuta. Karibuni wenye maswali na wenye uzoefu.

Mzee wa Pangani

Marahaba mwanangu. Nimekusoma mara mbili, nimemkumbuka mpwa wangu, Mungu amrehemu.

Kwake ilianza jicho moja. Likauma akiligeuza, likaingia kiza. Tukampeleka kwa mganga, akapungwa siku saba, na baada ya wiki kadhaa jicho likafunguka. Tukachinja mbuzi kwa furaha. Mwaka uliofuata miguu ikafa ganzi mpaka kiunoni, tukarudi kule kule, ikapona nusu. Tukaamini kabisa kuwa ni jini na kwamba linatolewa kidogo kidogo. Mara ya tatu hakuinuka tena. Alilala ndani miaka, sisi tukijua tunamtunza kwa kumzuia asiguse hata ufagio.

Swali langu: lile jicho lilipona kwa nini? Hili limenikaa moyoni siku nyingi.

Mwalimu wa Tanga

Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Mlifanya mlichokijua, na mlikifanya kwa mapenzi.

Jicho lilipona kwa sababu ndivyo ugonjwa huu unavyokwenda kwa wengi wetu miaka ya mwanzo. Unashambulia, uvimbe unapungua wenyewe baada ya wiki au miezi, hali inarudi yote au nusu. Aliyekuwa anakutibu wakati huo ndiye anayepata sifa, awe mganga, awe daktari. Hata mimi ganzi yangu ya kwanza "ilipona" kwa dawa za mgongo. Hakuna mtu wa kulaumiwa katika nyumba yenu.

Fizio wa Moshi

Naomba niongezee kitaalamu kidogo. Kazi yangu ni fiziotherapia na wagonjwa wa MS nimewahudumia, ingawa si wengi kama wa kiharusi.

Ushauri wa "pumzika" una historia. Mwaka 1868 Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu pale hospitali ya Salpêtrière, Paris. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, akaona wagonjwa wanapoteza uwezo wa kuona kwa muda baada ya kujichosha. Yeye alidhani kazi yenyewe ndiyo inayowadhuru. Miaka mingi baadaye ikajulikana ni joto: neva iliyochubuka, joto la mwili likipanda hata nusu ya digrii, inaweza kushindwa kupitisha ujumbe. Mwili ukipoa, ujumbe unapita tena, na halijatokea jeraha jipya. Lakini kwa miongo kadhaa wagonjwa waliendelea kukatazwa mazoezi. Utafiti uliogeuza mambo ulitoka Utah, Marekani, mwaka 1996: wiki 15, mara 3 kwa wiki, dakika 40 za baiskeli isiyotembea. Pumzi iliongezeka, nguvu ikaongezeka, huzuni ikapungua. Leo mazoezi ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Jicho na mguu wa Mwalimu siku ile ulikuwa ni huo mkasa wa Uhthoff. Namna ya kuutofautisha na shambulio: dalili zikiisha ndani ya saa chache baada ya kupoa, ni joto. Zikiwa mpya na zikidumu zaidi ya saa 24, na huna homa wala maambukizi, muone daktari haraka. Na msisahau UTI. Maambukizi ya mkojo yanaweza kumwangusha mgonjwa wa MS akaonekana kama ana shambulio kubwa, kumbe yanatibika kwa antibiotiki.

Jambo la pili ni kukakamaa. Watu wanataka misuli yote ilegee. Mguu dhaifu mara nyingine unasimama kwa sababu ya kule kukakamaa. Nimeona mgonjwa aliyejiongezea mwenyewe baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, magoti yakaanza kukunjika njiani. Dozi ipangwe na daktari, na siku ya kubadilisha dozi mtu apimwe namna anavyotembea. Wala usiache ghafla, ni hatari.

Tatu, kwa wale ambao unyayo unaning'inia kama ulivyoanza wa Mwalimu: mazoezi ya kunyanyua vidole ukiwa umekaa yanasaidia kiasi, lakini kukiwa na udhaifu mkubwa kinahitajika kishikizo cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu. Nchi hii ina mafundi wa kazi hiyo. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinawafundisha tangu 1981, na wahitimu wake wako katika nchi nyingi za Afrika. Ulizeni hospitali za rufaa. Kishikizo kizuri kinaokoa nguvu ambazo utazitumia kupika au kufundisha.

Na mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Mwaka 2023 WHO iliingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu dawa 3 za MS: rituksimabu, kladribini na glatirameri. Mkizungumza na daktari wenu au na bima, litajeni hilo.

Mume wa Likoni

Salaam alaikum. Niko Mombasa, mke wangu ana MS mwaka wa sita. Anatembea na mkongojo, nje ya nyumba kwa kiti cha magurudumu. Nina maswali mawili. Hataki kunywa maji kabla ya mazoezi kwa sababu mkojo haumpi nafasi ya kufika msalani. Na Ramadhani ikifika tunaacha mazoezi mwezi mzima, Shawwal tunamkuta karudi nyuma hatua zote tulizopata. Tufanyeje?

Fizio wa Moshi

Waalaikum salaam ndugu yangu. Kutokunywa ndiko kunakozidisha: mkojo unakuwa mkali, kibofu kinakereka, UTI inakaribia. Mpeleke msalani kwanza, anywe, afanye mazoezi karibu na mlango wa msala. Kikifika kishindo asikimbie. Asimame au akae, abane misuli ile ya kuzuia mkojo mara tano sita kwa haraka, wimbi likipita ndipo atembee. Kukimbia kwenda msalani ndiko kunakovunja watu nyonga. Na mwambie daktari, zipo dawa za kibofu.

Ramadhani: kama ana dawa au hali isiyomruhusu kufunga, hilo ni la daktari wake na shehe. Kama anafunga, kunyoosha kitandani afanye asubuhi kama kawaida, hakumkaushi. Zoezi la kiti lihamie usiku, saa moja au mbili baada ya kufuturu, feni ikipuliza. Apunguze mizunguko, asiache. Mwezi mmoja wa kukaa kabisa kwa mtu aliye kwenye mkongojo ni mwingi mno.

Na wewe usimnyanyue kwa kumshika kwapani. Kaa upande wake dhaifu, mkono wako uwe nyuma ya kiuno, mwache ainamie mbele ainuke mwenyewe. Unachomfanyia wewe, yeye hakifanyii mazoezi.

Dada wa Leeds

Nipo Uingereza, mzaliwa wa Tanga, na mimi nina MS. Huku tuko zaidi ya watu 150,000, kliniki zipo, na bado miaka yangu ya mwanzo niliona aibu kutoka na fimbo. Mwalimu, umenifanya nipige simu nyumbani.

Mimi kinachonisaidia ni maji. Mwili unakuwa mwepesi, ukianguka huumii, na joto linaondoka lenyewe. Bwawa likiwa la moto sana naondoka. Nikija likizo naingia baharini Raskazone, na nimeona tofauti: Machi maji yana karibu digrii 30, natoka nimelegea kuliko nilivyoingia. Agosti yako kama 25, natembea ndani ya maji ya kifuani robo saa na miguu inanishukuru siku nzima. Ila niende na mtu, maji yakiwa yametulia, na viatu vya maji. Kokoto siwezi kuzisikia kwenye unyayo, nilishawahi kujikata nikaona damu tu.

Mwalimu wa Tanga

Dada yangu, ukija Agosti nitafute, tuingie wote. Sijawahi kuthubutu peke yangu.

Mume wa Likoni, nimefurahi kwamba mke wako ana mtu wa kuuliza kwa niaba yake. Nimwambie kitu kimoja cha mgonjwa kwa mgonjwa: kuwe na mpango wa siku mbaya. Mimi siku ambayo nimeamka nguvu hakuna, nafanya khanga tu, kigimbi cha kushoto na cha kulia, nalala tena. Zamani siku hizo nilikuwa naziruka, halafu siku mbili zinakuwa wiki, wiki inakuwa mwezi. Sasa hata nikiumwa mkono unaitafuta khanga.

Na kipimo changu cha kujua nimezidisha: zikipita saa 2 baada ya mazoezi niwe nimerudi kama nilivyokuwa. Nikiwa bado nimechoka, kesho kutwa napunguza mzunguko mmoja. Sijawahi kuongeza vitu viwili kwa wiki moja. Nikiongeza idadi ya kiti, kona na korido zinabaki zilivyo.

Kijana wa Ubungo

Asante sana mwalimu, mimi ndiye niliyekuandikia inboksi. Dada amesoma uzi wote, ameanza khanga leo. Ila kuinuka ameshindwa, amejaribu kwenye kochi mara tatu akakata tamaa akalia. Kiti chako kina urefu gani?

Mwalimu wa Tanga

Mwambie kochi aliache kabisa, ni la chini na linazama, hata mzima anapata shida kulitoka. Changu ni kiti cha kulia chakula. Nimekipima sasa hivi: sentimita 45 kutoka sakafuni. Nilipoanza nilikuwa naweka juu yake blanketi zito limekunjwa mara nyingi, likapanda mpaka kama 55. Kila baada ya wiki mbili hivi nikapunguza mkunjo mmoja. Blanketi lisiteleze, lifunge na khanga kwenye kiti. Kesho alfajiri aanzie juu hivyo, mara 3 tu, na wewe ukae upande wake dhaifu.